Mtoto Aliyeimba Silabi Bila Kuzisoma: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Disleksia Mkoani Iringa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali iliyoko kijijini, katika Mkoa wa Iringa, kwenye eneo la mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Mtoto ninayemweleza nimempa jina la Faraja, ambalo si jina lake. Jina la shule, la kata na la kijiji nimeyaacha, na mambo machache ya kifamilia nimeyabadilisha ili asitambulike. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi wake, alisomewa maandishi haya kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho na akaridhia yatumike kufundishia walimu wengine. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Wakati huo nilikuwa katika kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili kilichomo ndani ya shule hiyo, na kisa hiki kilianza kwa pendekezo la kumleta Faraja katika kitengo hicho.

Sina mamlaka ya kumthibitishia mtoto disleksia kitaalamu, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili, na hakuna aliyemthibitishia Faraja hadi leo. Nilichofanya ni kupima anachoweza na asichoweza, kumfundisha kama afundishwavyo mtoto mwenye disleksia, na kuandika matokeo.

Usuli

Faraja alikuwa na umri wa miaka 8, yuko Darasa la Pili, katika darasa la wanafunzi 74. Aliishi na bibi yake na mjomba wake umbali wa mwendo wa dakika 40 kutoka shuleni. Nyumbani walizungumza Kihehe zaidi, na Kiswahili alikifahamu vizuri tangu kabla ya kuanza shule kwa sababu bibi alikuwa akimchukua mnadani kuuza njegere na viazi. Mjomba alikuwa fundi wa mbao anayesifika, lakini aliacha shule akiwa Darasa la Nne bila kujua kusoma. Jambo hili bibi alilitaja kwa kupita tu, kama habari ya kawaida ya nyumbani. Kwangu lilikuwa na uzito, kwa kuwa disleksia huelekea kurithiwa katika familia.

Darasa la Kwanza alilimaliza bila mwalimu yeyote kumtilia shaka. Mtaala wa mwaka 2015 wa Darasa la Kwanza na la Pili uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na shule yetu ilijitahidi kuufuata, ila darasa lenye watoto zaidi ya 70 hurudi kwa urahisi kwenye kuitikia kwa pamoja. Mwalimu hugusa chati kwa fimbo, na darasa zima huimba ba, be, bi, bo, bu. Faraja aliimba kwa sauti nzuri na kwa uhakika kuliko wengi, hata akawa anapewa fimbo awaongoze wenzake. Alikuwa mtulivu, msafi wa daftari, mwepesi wa kuamkia wakubwa, na mtoto wa namna hiyo hupita machoni pa mwalimu bila kuonekana. Wavulana wawili wa darasa hilo waliokuwa wakishindwa kusoma na kufanya fujo walishafikishwa kwangu miezi mingi kabla yake.

Jinsi tatizo lilivyojulikana

Mwezi Julai, mwalimu wa darasa alikuwa akiwaandaa wanafunzi kwa upimaji wa KKK na akawasikiliza mmoja mmoja. Faraja alisoma ukurasa wa kitabu cha kiada vizuri, bila kusita. Kwa bahati, upepo ulifunua ukurasa uliofuata, na mtoto akaendelea kusoma maneno ya ukurasa wa kwanza huku macho yake yakiwa juu ya ukurasa mwingine kabisa. Mwalimu hakumkemea. Alifunika picha kwa kiganja na kumwomba asome sentensi moja kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Faraja akanyamaza, kisha akaanza kulia.

Siku tatu baadaye kilifanyika kikao kifupi cha mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa darasa na mimi. Yalitolewa mapendekezo mawili: arudishwe Darasa la Kwanza, au ahamishiwe kitengo. Waliopendekeza hawakuwa na nia mbaya. Shule ina njia mbili tu zinazofahamika za kumshughulikia asiyesoma, nazo zilitajwa. Mwalimu wa darasa na mimi tuliomba muhula mmoja. Hoja yetu ilikuwa kwamba kumkaririsha darasa ni kumpa kwa mara ya pili mafundisho yale yale yaliyomwezesha kujificha, na kwamba kitengo kinahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, ilhali hatukuwa na ushahidi wowote kwamba akili ya Faraja ina upungufu. Tulikubaliwa kwa sharti la kuleta maandishi ya maendeleo kila mwisho wa mwezi.

Upimaji

Kwanza tulimpeleka hospitali ya wilaya kupimwa macho na masikio, kwa kuwa haina maana kumfundisha sauti mtoto asiyesikia vizuri. Vyote vilikuwa sawa.

Kisha nilimpima mwenyewe kwa siku nne, dakika 20 kila siku. Nilimsimulia hadithi ya sungura na fisi ambayo hakuwahi kuisikia, naye akanisimulia yote kwa mpangilio, akiwa na sababu za kila tendo. Ufahamu wake wa kusikiliza ulikuwa wa juu. Bibi naye alinithibitishia hilo nilipomtembelea. Nilipomaliza kumwamkia, na kabla sijaeleza kilichonileta, aliniambia, “Mwalimu, huyu mjukuu wangu akirudi mnadani peke yake, bei za wateja wote ananitajia, hakosei hata moja. Sasa kichwa kizito mnachokisema kiko wapi?” Nilimjibu, “Bibi, hata mimi sijakiona.”

Nilipomtaka apige makofi kwa kila silabi ya neno “maharage”, alipiga manne bila kusita. Nilipomuuliza neno “kuku” linaanza na sauti gani, alijibu “ku”. Nikamuuliza tena kwa “meza”, “samaki” na “tembo”, akajibu “me”, “sa” na “te”. Nikamwambia aseme “meza” bila sauti ya kwanza kabisa, akasema “za”. Hapo ndipo niliona mahali tatizo lilipo. Faraja aliweza kulikata neno hadi kwenye silabi, lakini hakuweza kuingia ndani ya silabi na kuona kwamba “me” ina sauti mbili. Kwake silabi ilikuwa kitu kizima kisichopasuka, na chati ya silabi ilikuwa wimbo wenye maneno yasiyo na vipande.

Kati ya herufi 24 alizofundishwa, alitambua kwa uhakika 11 zilipochanganywa. Alibadilisha b na d, na pia m na n. Alipojaribu kuunganisha b na a alisema “bea”, kwa sababu herufi aliijua kwa jina lake, “be”, na jina hilo limeshabeba irabu. Mwisho nilichora safu za picha tano zinazojirudia, kuku, jembe, moto, sufuria na mti, nikamwomba azitaje haraka awezavyo. Wenzake watatu niliowapima walitaja picha zote 30 kwa sekunde 28 hadi 35. Faraja alitumia sekunde 61, ingawa vitu vyenyewe anaviona kila siku. Ugumu wa kuchambua sauti pamoja na uzito wa kutaja vitu haraka ni mambo mawili yanayojirudia katika maelezo ya watafiti wa disleksia, na mtoto mwenye yote mawili kwa kawaida huwa na kazi kubwa kuliko mwenye moja.

Makosa ya lugha ya nyumbani na makosa ya disleksia

Kabla ya kuanza kufundisha, kulikuwa na swali ambalo katika nyanda zetu za juu haliwezi kurukwa. Faraja aliandika “mutoto” badala ya “mtoto”, “mutu” badala ya “mtu”, na “kalamu ya wino mwekundu” aliiita “kalamu ya wino mwekunduru”. Alibadilisha l na r karibu kila mara. Je, hayo ni disleksia?

Tulikusanya madaftari ya imla ya wanafunzi 20 wa darasa lile lile na kuorodhesha makosa. Kubadilisha l na r kulikuwemo katika madaftari 16, na u ya ziada baada ya m katika 13. Sababu yake inajulikana. Wazungumzaji wengi wa Kihehe hubadilishana l na r wanapozungumza Kiswahili, na kiambishi ambacho Kiswahili kimekifupisha kuwa m-, lugha za hapa bado hukitamka mu-. Ambaye Kiswahili humwita Mhehe, yeye kwao hujiita Muhehe. Mtoto anayeandika “mutu” ameandika alichokisikia, na masikio yake yamefanya kazi vizuri. Makosa hayo tuliyatoa katika hesabu ya Faraja. Yaliyobaki yalikuwa yake peke yake, au yake na ya mtoto mmoja au wawili: kuacha irabu katikati ya neno, kupindua silabi (“kalamu” ikawa “kamalu”), kubadilisha b na d, na kuandika neno moja kwa namna tatu tofauti katika ukurasa mmoja. Kazi hiyo ilituchukua alasiri mbili. Bila kuifanya tungepoteza wiki nyingi tukisahihisha lafudhi ya kijiji kizima kwa mtoto mmoja.

Wiki tano zilizopotea

Uamuzi wa kwanza wa kufundisha ulikuwa wangu, na ulikuwa wa makosa. Niliona Faraja hajui silabi, basi nikaamua azirudie zaidi. Kwa wiki tano, kuanzia mwanzo wa Agosti, nilimfundisha kwa chati ya silabi, siku nne kwa wiki. Aliendelea vizuri mno. Mwisho wa wiki ya tano nilikata chati kwa mkasi, nikachanganya vipande na kumwonyesha kimoja kimoja. Kati ya vipande 25 alipata 7, na kwa baadhi alinong’ona safu nzima kuanzia mwanzo hadi aifikie ile ninayomwonyesha.

Nilikuwa nimemfundisha kuimba vizuri zaidi. Upimaji wangu mwenyewe wa Julai ulikwishaniambia kwamba shida iko ndani ya silabi, nami nikaenda kufanya kazi kwenye silabi nzima, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa nikiwa mtoto na ndivyo kila mtu anavyofundisha. Katika ripoti ya mwezi niliandika wazi kwamba hakuna maendeleo na kwamba kosa ni la njia niliyoichagua.

Mpango mpya

Mwalimu mwenzangu aliyewahi kupata mafunzo ya Tusome Pamoja, mpango wa kuboresha ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya mwanzo, ambao katika Tanzania Bara ulihusisha mikoa ya Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, alinionyesha namna ya kuanza na sauti. Kwa upande wa disleksia nilifuata misingi iliyojengwa tangu kazi za daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham huko Marekani katika miaka ya 1930. Kila kitu hufundishwa wazi bila kumwachia mtoto akisie, hufuata mpangilio wa kutoka rahisi kwenda gumu, hurudiwa kila siku, na mtoto hutumia macho, masikio, mdomo na mkono kwa wakati mmoja.

Misingi hiyo ilizaliwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho tahajia yake ina vikwazo vingi, kwa hiyo ilibidi tuipange upya kwa Kiswahili. Irabu tano zilikuja mwanzo, kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu na kila irabu ina sauti moja tu. Kisha zikafuata konsonanti ambazo sauti yake huweza kuvutwa bila kuongezewa irabu: m, s, l na n. Mtoto akivuta “mmmm” kisha akafungua mdomo kwa “a”, anaisikia “ma” ikizaliwa. Kwa k, t na p hilo haliwezekani, kwa hiyo zilisubiri hadi alipoelewa maana ya kuunganisha. Herufi b ilifundishwa Septemba mwishoni na d ikasubiri Novemba, zitenganishwe kwa wiki nyingi. Majina ya herufi tuliyaweka kando kabisa. Tulitumia sauti tu.

Somo lilikuwa la dakika 30. Mwanzoni tulilipanga saa moja asubuhi kabla ya vipindi, lakini asubuhi huku kwetu baridi huuma hadi vidole havishiki penseli, na mtoto alikuwa amefika akiwa amelowa umande. Tulihamishia baada ya uji wa mapumziko. Badiliko hilo dogo lilikuwa na faida kubwa kuliko nilivyotarajia.

Kila somo lilianza kwa kadi za sauti alizokwisha kuzijua, zikiwa zimechanganywa. Sauti mpya, iwapo ipo, aliiona kwenye kadi, akaitamka, na akaiandika kwa kidole katika sinia lenye mchanga huku akiitamka tena. Kisha ilifuata sehemu niliyoiona kuwa moyo wa somo. Nilichora visanduku vinne kwa chaki juu ya dawati na kumpa vizibo vya soda. Nilitamka neno “mama” polepole, naye akasukuma kizibo kimoja kwa kila sauti, m, a, m, a, kisha akavisogeza viwili viwili vigusane, ma na ma, kisha vyote vinne kwa pamoja. Wiki ya kwanza alisukuma vizibo viwili tu, kimoja kwa kila silabi. Nilimshika mkono na kusukuma naye. Siku ya tisa alisimama katikati ya neno “sisi”, akatazama kizibo cha kwanza, akasema, “Mwalimu, kumbe ndani ya si kuna s.” Nimefundisha miaka mingi, na sentensi hiyo bado naikumbuka kama ilivyosemwa.

Baada ya vizibo alisoma maneno na sentensi zilizoundwa kwa sauti alizokwisha kufundishwa pekee, na kuandika imla ya maneno matano na sentensi moja. Miongoni mwa maneno niliweka mawili au matatu yasiyo na maana, kama “nulo” na “kemo”, nikimwambia wazi kwamba si maneno ya kweli. Mtoto mwenye kumbukumbu kama yake hukariri maneno ya kweli kwa sura, lakini “nulo” hawezi kulikisia. Hakuongezewa sauti mpya hadi apate 9 kati ya 10 kwa siku tatu mfululizo. Dakika za mwisho nilimsomea hadithi, akasikiliza tu, kwa sababu mtoto anayechelewa kusoma asipate hasara ya kuchelewa pia msamiati na maarifa.

Pamoja na hayo tuliamua mambo mawili nje ya kipindi. Mwalimu wa darasa aliacha kumwita ghafla asome mbele ya wenzake. Alimpa aya yake siku moja kabla, na Faraja akanyoosha mkono mwenyewe akiwa tayari. Jambo la pili lilimhusu bibi, ambaye hakujua kusoma na alidhani kwa sababu hiyo hana la kufanya. Tulimwomba kila jioni amsikilize mjukuu wake akisoma kwa dakika 10, kisha amuulize, “Umesema nini hapo?” Msikilizaji huyo hakuhitaji kujua herufi hata moja. Bibi alinieleza pia kwamba jirani alimshauri ampeleke mtoto kwa mganga. Sikumbishia. Nilimweleza tulichokiona, nikimchukua mjomba kama mfano wa mtu mwenye akili ya kupima mbao kwa macho ambaye maandishi yalimshinda, naye akasema, “Basi huyu wa pili tusimwache.”

Silabi ngumu na maneno marefu

Kufikia Desemba alisoma maneno yote ya silabi nyepesi. Konsonanti ambatani zilimchelewesha, hasa zinazoanza na m. Katika “mtoto” m ni silabi inayosimama peke yake, wakati katika “mboga” imeshikana na b. Tulitenga siku sita kwa jambo hilo tu, akipanga kadi za maneno katika marundo mawili kwa kupiga makofi kwanza: m-to-to, mbo-ga, m-ti-ni, mbu-zi. Hapo ndipo pia tulipoishughulikia u ya “mutu”, kwa kumwambia kwamba nyumbani hutamkwa hivyo na si kosa, ila kitabu cha Kiswahili huandika bila u.

Kasi ndiyo iliyobaki kuwa tatizo kubwa. Alisoma kwa usahihi lakini neno kwa neno, na neno refu lilimchosha. Kiswahili hubeba sentensi nzima katika neno moja, na mtoto anayesoma “tu-ta-wa-pi-ki-a” kwa silabi sita zilizo sawa uzito husahau ya kwanza anapofika ya mwisho. Kuanzia Aprili ya mwaka uliofuata tulibadilisha mkato wa neno kutoka silabi kwenda maana. Kadi za rangi moja zilikuwa na ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Za rangi nyingine -na-, -li-, -ta-, -me-. Na nyingine mizizi kama pik, som, lim, chek. Aliunda “anapika”, “alipika”, “atapika”, “tumelima”, akisoma kila alichounda. Baada ya wiki kadhaa alianza kutambua mwanzo wa kitenzi kwa mtazamo mmoja na kuweka nguvu zake katika mzizi. Njia hii sikuipata katika kitabu chochote cha disleksia. Ilitoka katika sarufi yetu wenyewe, na naiona kuwa ndiyo iliyomvusha.

Kusimama na kurudi nyuma

Kabla ya hapo, hata hivyo, kulikuwa na miezi mitatu mibaya. Januari Faraja aliingia Darasa la Tatu. Kwa kuwa upimaji wa Novemba ulionyesha anasoma maneno kwa usahihi, iliamuliwa kwamba “amepona” na vipindi vyangu vikasimamishwa. Nilikubali, kwa sababu kitengo kilikuwa kimepokea watoto wapya na mimi nilikuwa peke yangu. Mwalimu mpya wa darasa hakupewa maandishi yoyote kumhusu. Darasa la Tatu lina masomo mengi na kazi nyingi za kunakili ubaoni, na mtoto anayenakili herufi moja moja hupigiwa kengele akiwa mstari wa pili. Alipopewa adhabu kwa kutomaliza kazi, akaanza utoro. Mwezi Machi alikosa siku 11. Nilipompima mwishoni mwa mwezi huo, b na d zilikuwa zimechanganyika tena na kasi yake ilikuwa imeshuka.

Tulirudia Aprili, safari hii siku tatu kwa wiki, akiwa na wenzake wawili wenye shida inayofanana. Mwalimu wake wa darasa alianza kumpa maelezo ya ubaoni yaliyokwisha kuandikwa kwenye karatasi, apigie mstari na kujaza nafasi badala ya kunakili yote.

Matokeo

Kipimo chetu kilikuwa aya asiyowahi kuiona, dakika moja, maneno yaliyosomwa kwa usahihi. Julai ya mwanzo hakusoma neno lolote. Novemba alisoma 9, Machi 6, Juni 21, na mwisho wa Darasa la Tatu 34. Wenzake wengi tuliowapima siku hiyo ya mwisho walikuwa kati ya 50 na 70. Katika maswali matano ya ufahamu alijibu manne au yote kila mara, sawa na wasomaji wazuri wa darasa. Imla yake bado ni dhaifu. Utoro ulikwisha mwezi Mei. Pendekezo la kitengo halikutajwa tena.

Uchambuzi

Picha ya Faraja inalingana na yale ambayo watafiti wameyaona katika lugha zenye tahajia nyoofu, yaani zinazoandikwa karibu sawa na zinavyotamkwa. Mwaka 1993 Heinz Wimmer alieleza kwamba watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani hukosea maneno machache lakini husoma polepole mno, tofauti na wa Kiingereza ambao makosa yao ni mengi. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walionyesha kuwa wasomaji wenye disleksia wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza hutofautiana katika usahihi lakini ubongo wao huonyesha upungufu wa utendaji katika eneo lile lile wanaposoma. Kwa mwalimu wa Kiswahili hili lina matokeo ya moja kwa moja. Tukipima usahihi pekee, mtoto ataonekana amepona wakati mzigo wake wa kasi uko pale pale. Ndilo kosa lililofanyika Januari. Upimaji wa Novemba ulikuwa na takwimu ya kasi, maneno 9, na sote tuliitazama na kuipita tukishangilia usahihi.

Naamini kilichofaa zaidi ni kushuka hadi kwenye sauti, ingawa Kiswahili hufundishika vizuri kwa silabi kwa watoto walio wengi. Silabi zetu ni nyoofu na zina mdundo, na mtoto asiye na shida hugundua mwenyewe kwamba ma, mi na mu zina kitu kimoja mwanzoni. Mwenye disleksia hakigundui mpaka aonyeshwe, tena kwa mkono. Kwa hiyo simlaumu mwalimu yeyote kwa kutumia chati. Ninachosisitiza ni kwamba chati ikatwe mara kwa mara na vipande vichanganywe, kwani tendo hilo la dakika mbili lingemwibua Faraja akiwa Darasa la Kwanza.

Kuhusu kundi la watatu sina hakika kama lilisaidia ufundishaji wenyewe. Kasi ya wenzake ilitofautiana na yake na mara nyingi mmoja alisubiri. Lakini Faraja aliacha kulia katika kipindi tangu alipoona wengine wakisukuma vizibo kama yeye, na kwa sababu hiyo ningelifanya tena.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa wa kupokezana. Maarifa yote kuhusu mtoto yalikuwa kichwani mwangu na katika daftari langu, kwa hiyo mwalimu mpya alimwadhibu mtoto kwa jambo ambalo shule ilikuwa inalijua. Sasa kuna ukurasa mmoja unaosafiri naye: sauti anazozijua na anazochanganya, kasi yake na tarehe ya kupimwa, mambo ambayo darasani asifanyiwe, na jina la mwalimu wa kuulizwa.

Faraja yuko Darasa la Nne. Kiingereza bado kinampa shida ya pekee, kwa kuwa “make” hulisoma “ma-ke”, jambo ambalo kwa mafunzo aliyopata ni sahihi kabisa. Tumekubaliana na mwalimu wake wa Kiingereza kwamba kwa muhula huu afundishwe kusikia na kuzungumza tu, na kusoma kwa Kiingereza kuanze kwa kadi za rangi tofauti, katika kipindi kingine na sinia lingine, mara kasi yake ya Kiswahili itakapofika maneno 45.